Hakukabwa, Alibanwa

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua imefika. Imeingia kwa fujo saa tisa alasiri, ikang'oa bati mbili za choo cha zahanati na kuzitupa kwenye shamba la mihogo la jirani. Melania, mhudumu wetu, kasema mvua za mwaka huu zina hasira. Nikamwambia hata mimi ninazo, basi tutaelewana.

Nimeanza kuandika hapa kwa sababu rejista ya zahanati haina nafasi ya maneno yangu. Rejista inataka jina, umri, ugonjwa, dawa. Haina mahali pa kuandika kwamba leo, kwa mara ya tatu, nimemwambia Akida kuhusu matimba. Akida ndiye mwenye duara kubwa hapa machimbo ya Namba Tisa. Duara ndilo shimo la dhahabu, na matimba ni magogo yanayozuia kuta zake zisianguke. Ya kwake yameoza tangu kiangazi, ukiyabonyeza kidole kinaingia.

Kanijibu kwa upole wake ule wa kuudhi: "Mama Raudha, wewe tibu malaria. Udongo niachie mimi."

Haya. Nimemwachia, lakini nimeandika tarehe.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Malaria kumi na tisa, kuhara saba, na mzee mmoja aliyeng'atwa na mbwa wake mwenyewe na bado anamtetea.

Jumanne, 12 Novemba

Ignas amekufa.

Nilikuwa Buseresere kuchukua dawa. Niliporudi saa nane mchana, Melania alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani. Amenieleza yote, na wengine wameniongezea, kwa hiyo naandika kama nilivyosikia.

Saa nne asubuhi ukuta wa duara la Akida ulimomonyoka. Ignas, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeacha tumbaku ya baba yake kule Ushetu akaja huku na kaka yake Donatus, alifukiwa hadi kwapani. Kichwa na mkono mmoja vilibaki nje. Watu wakashukuru Mungu. "Kichwa si kiko nje?" ndivyo kila mtu alivyosema. Alikuwa anaongea. Wakampa maji. Kuna waliompiga picha. Wakachimba taratibu, kwa maelewano, huku wakibishana koleo liwe la nani. Kisha akanyamaza, wakadhani amechoka. Walipomtoa, nusu saa ilikuwa imepita, na hakuwa anapumua.

Nilifunua khanga usoni. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minane, na bado nilirudi nyuma hatua moja. Uso ulikuwa umevimba, rangi ya zambarau iliyoiva. Kope zilijaa vidoa vyekundu. Macho, mahali penye weupe, yalikuwa damu tupu. Rangi ile ilishuka shingoni na mabegani, halafu ikakoma kifuani, kana kwamba mtu amepiga mstari. Chini ya mstari, Ignas alikuwa na ngozi yake ya kila siku. Kifuani palikuwa na alama pana ya gogo. Nilipapasa mbavu, tatu zikacheza chini ya kidole. Shingo niliikagua mara mbili, mbele na nyuma. Hakuna alama ya vidole, hakuna ya kamba, hata mkwaruzo.

Jambo hili nilifundishwa chuoni, lakini sikuwahi kuliona. Kifua kikibanwa kwa nguvu, mbavu haziwezi kufunguka. Mdomo unaweza kuwa wazi kabisa, hewa imejaa dunia nzima, na mtu asiweze kuivuta. Damu nayo inasukumwa kurudi juu, kichwani na shingoni, mishipa midogo inapasuka. Ndiyo rangi ile. Ndiyo macho yale. Ukimtoa haraka na kumsaidia kupumua, ana nafasi nzuri ya kuishi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Niliandika kwenye rejista, na kwenye karatasi ya polisi: *Alibanwa kifua, akakosa hewa.*

Nje, Donatus alikuwa ameshauona uso. "Mdogo wangu kakabwa," alisema. Hakupiga kelele, alisema tu, na neno likasambaa uwanjani. Kakabwa. Amekabwa. Wengine walimaanisha amekabwa na mwenye dhahabu, yule wa chini asiyeonekana. Wengine walimaanisha amekabwa na Mwita, kwa sababu Mwita ndiye aliyemfikia kwanza, na watu walimwona ameshika shingo ya Ignas kwa mikono miwili. Juzi waligombana kuhusu zamu ya winchi ya kupandishia mawe. Na Mwita ni wa Tarime, basi kila mtu akajifanya anajua hasira za Tarime zilivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Polisi wamemchukua Mwita asubuhi, kwa maelezo ya Donatus.

Ghati, mkewe, amekuja kliniki. Ana mimba ya miezi saba. Hakulia. Alikaa kwenye benchi, akasubiri foleni yake kama wenzake, nilipomwita ndipo akasema: "Nesi, mume wangu aliruka shimoni wakati wengine wanatafuta viatu. Leo ndiye muuaji?"

Daktari aliyetakiwa kuja kuupasua mwili amekwama, mto umejaa. Ndugu wamechoka kusubiri, wamepewa ruhusa, wamemchukua marehemu kwenda kuzika Ushetu. Kwa hiyo kilichobaki duniani kuhusu kifo cha Ignas ni karatasi yangu moja na macho yangu mawili.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwenda kituo cha polisi kutoa maelezo. Afande ni mtu mstaarabu, kanipa kiti, kasoma karatasi yangu hadi mwisho.

"Mama, wewe ni daktari?"

"Muuguzi."

"Uso umeuona?"

"Nimeuona."

"Ulikuwa kama wa mtu aliyekabwa?"

"Ulikuwa kama wa mtu aliyebanwa kifua. Aliyekabwa ungemwona shingoni, Afande. Na rangi ingeanzia shingoni kwenda juu. Hii ilianzia kifuani, palipoishia udongo."

Akaandika. Nikapinda shingo nisome. Alikuwa ameandika *alikabwa*. Nikamwambia asahihishe. Akasema ni yale yale. Nikamwambia kama ni yale yale basi asahihishe, hatapungukiwa kitu. Akasahihisha, lakini kwa kalamu ya penseli.

Jumapili, 17 Novemba

Mvua kutwa. Mwanangu Raudha kapiga simu kutoka kwa bibi yake Nyahanga, anauliza kwa nini sauti yangu ni ya ukali. Nimemwambia ni mtandao.

Jumanne, 19 Novemba

Akida amekuja mwenyewe, viatu safi, akavivulia mlangoni. Kaleta pole kwa zahanati nzima. Kisha akaleta alichokijia.

"Ni herufi mbili tu, Mama Raudha. Alibanwa, alikabwa. Ukiandika alibanwa, bwana wa madini wa serikali anafunga duara, watu mia mbili wanakosa kazi. Ukiandika alikabwa, polisi tayari wana mtu wao. Wewe unapoteza nini?"

"Na Mwita?"

"Mwita ana Mungu wake."

Nilijisikia kumrushia ndoo ya choo. Badala yake nilifungua rejista mbele yake, nikapitisha kalamu juu ya neno langu mara ya pili, nikakandamiza mpaka likatokea ukurasa wa nyuma.

Akasema anao jamaa halmashauri. Akasema kuna vituo vya mbali sana, muuguzi akipelekwa huko anasahaulika. Nikamwambia anipeleke. Huko nako nitaandika alibanwa, na nitawafundisha watu wa huko kulisoma.

Alipoondoka nilifunga mlango kwa komeo, nikakaa ndani saa nzima. Naliandika hili pia, nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuogopa.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeamua kufundisha. Nimekwenda kwenye karasha, mahali wanapotwanga mawe kwa mashine, nikawatangazia wote. Wanaume wakacheka. Waliokuja ni wanawake sita waponda mawe, na Ghati.

Nilimlaza Melania chini juu ya turubai. Nikamwambia afungue mdomo, apumue. Akapumua. Nikamwekea kiroba cha mchanga kifuani. Akapumua kwa shida, akicheka. Nikaweka cha pili. Kicheko kikakatika. Mdomo wake ulikuwa wazi, pua wazi, kichwa kiko nje, jua linamwakia. Kabla sijahesabu hadi tano alikuwa anapiga turubai kwa kiganja. Tukavitoa haraka.

"Yaya, mayu!" alisema alipopata sauti. "Hapana, mama! Hewa naiona, lakini haiingii!"

Wanawake hawakucheka tena. Nikawaonyesha: anzeni na kifua, msianze na miguu wala mikono. Msimvute. Mkishamtoa, mmoja ashike kichwa na shingo visipinde, mwingine ainue taya kwa mbele. Asipopumua, apuliziwe. Hakuna kumpa maji. Wakarudia wote, Ghati akarudia mara tatu.

Donatus alipita na koleo begani. Alisimama kidogo. Akatema mate, akaenda zake kwenye duara lile lile lililomla mdogo wake. Nimekasirika naye, na nimemhurumia, na sijui kipi kilitangulia.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo wamekuja wanaume wanne. Wamesimama mbali, wanajifanya wanasubiri bodaboda.

Jumatano, 27 Novemba

Ghati ameniletea habari. Mwita atafikishwa mahakamani Jumatano ya tarehe 11 Desemba kwa kesi ya mauaji. Mauaji hayana dhamana. Akishaingia huko, atakaa gerezani mpaka kesi ipate siku yake, mwaka, miaka. Mtoto atazaliwa, atatambaa, atatembea.

Nimepiga simu kwa Afande. Kasema karatasi ya muuguzi peke yake haitoshi, na uso umeshazikwa.

Jumanne, 3 Desemba

Naandika nikiwa na udongo kwenye kucha, nimeshindwa kuutoa.

Saa tano asubuhi nilisikia yowe. Nikachukua ambu, ule mfuko wa mpira wa kupulizia hewa, nikakimbia. Melania nyuma yangu na mtungi mdogo wa oksijeni. Matimba ya Akida yalikuwa yale yale. Ukuta wa upande wa pili ulikuwa umeshuka wote.

Donatus alikuwa ndani ya udongo, karibu na ukingo, kama mita mbili chini. Kichwa nje. Mikono yote ndani. Na juu ya kifusi, kumzunguka, walisimama wanaume watano na makoleo, mmoja kamwinamia anampa maji ya chupa. Nasema walisimama juu ya kifusi. Yaani juu ya kifua chake.

"Tokeni juu yake!"

"Nesi, kichwa kiko nje, anaongea..."

"Tokeni! Watu watano mmemsimamia kifuani! Tokeni!"

Sijui nilitoa wapi sauti ile. Walitoka kama watu niliowamwagia maji ya moto. Nikateremka mwenyewe, gauni jeupe na yote. Nikawaweka pembeni, wakapiga magoti kwenye udongo mgumu, wakachimba kwa mikono kuelekea kifuani. Mmoja akamshika begani kutaka kumvuta, nikampiga kofi mkononi. Donatus alinitazama. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Midomo ilikuwa inabadilika, kisha mashavu, kisha shingo, mbele ya macho yetu wote, zambarau. Yule mtu wa chupa alianza kusali kwa sauti.

Gogo lilikuwa limelala juu ya mbavu. Wakaliinua watu wanne. Kifua kikawa huru, nikasubiri kiinuke.

Hakikuinuka.

Tukamtoa akiwa amenyooka, tukamlaza juu ya ubao ukingoni. "Kichwa!" nilisema, na mikono miwili ikaja ikakishika, imara, viganja pande zote za shingo. Nikainua taya. Nikaweka ambu. Nikabonyeza. Kifua kikapanda, kikashuka. Nikabonyeza tena. Nilihesabu kwa sauti ili nisilie. Nilipofika ishirini na mbili alikohoa, na kile kikohozi kibaya, chenye mchanga, sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho.

Ndipo nikainua macho nione nani ameshika kichwa. Alikuwa Ghati, amepiga magoti, tumbo lake limegusa nywele za Donatus, mikono yake miwili shingoni mwa mtu aliyemfunga mumewe. Watu wote walikuwa wanaitazama mikono ile. Hakuna aliyesema anamkaba.

Tukamwekea oksijeni, tukainua kidogo kichwa cha ubao aliolalia, mwili umenyooka. Upande wa kushoto ulikuwa unaingiza hewa kidogo kuliko wa kulia, nikajua anahitaji hospitali sasa hivi. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali. La Akida lilikuwa pale pale, linang'aa. Akasema viti ni vipya. Nikamwambia achague, achafue viti au niandike majina mawili kwenye rejista kwa neno lile lile. Akatoa funguo.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimekwenda hospitali kumwona. Mbavu mbili zimevunjika, pafu la kushoto lilikuwa limebanwa na hewa iliyovuja ndani ya kifua, wakamwekea mpira wa kuitoa, na leo asubuhi wameutoa. Siku ya kwanza alikuwa haoni vizuri, leo anaona. Daktari kijana, mwenye miwani, kaandika kwenye faili maneno ambayo niliyasoma mara tatu: kukosa hewa kwa kubanwa kifua.

Donatus aliomba kioo. Wauguzi walikuwa wanamzungusha. Mimi nikampa simu yangu, upande wa kamera.

Alitazama kwa muda mrefu. Uso bado umevimba, zambarau imeanza kuchuja mashavuni, lakini macho ni damu tupu.

"Huyu ni Ignas," alisema.

Akanirudishia simu.

"Nesi, mimi nani alinikaba?"

"Hakuna aliyekukaba, Donatus."

Alilia bila sauti, kwa sababu mbavu haziruhusu. Nami nililia, sioni aibu. Kisha nikajifuta, nikamweleza hesabu ilivyo. Leo ni tarehe sita. Rangi ya uso inaondoka kila siku. Macho yatabaki mekundu wiki mbili tatu. Tarehe kumi na moja Mwita anapelekwa mahakamani. Ushahidi wote tulionao ni uso wake, na unafutika.

"Nitembeze hata leo," alisema.

Daktari alikataa leo. Akakubali Jumanne, kwa saa tatu tu, na kwa gari.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimempigia Donatus mara nne kuuliza rangi. Kachoka nami.

Jumanne, 10 Desemba

Tumeingia kituoni mimi, Donatus na Ghati. Donatus anatembea kwa kujishika ubavu. Askari wa mapokezi alipomwona aliinuka kwenye kiti. Afande alitoka ofisini, akamtazama usoni, akaniambia kwa ukali:

"Huyu naye nani amemkaba?"

Nikamsogeza Donatus mbele.

"Afande," Donatus alisema, "hilo swali nililileta mimi hapa mwezi jana. Nilikosea. Mimi nilifukiwa na udongo mchana, mbele ya watu mia. Hakuna mkono uliogusa shingo yangu mpaka nilipokuwa nimeshatolewa, na mkono huo ni wa huyu mama, mke wa Mwita. Nitazame vizuri. Mdogo wangu alikuwa hivi hivi."

Akafungua vifungo vya shati. Mstari ulikuwa bado upo kifuani, hafifu, lakini upo. Juu zambarau, chini ngozi yake. Afande alichukua karatasi ya daktari, akachukua na yangu kutoka kwenye jalada, akaziweka pamoja mezani. Alisoma moja, akasoma nyingine. Kisha akafungua droo, akatoa kalamu ya wino, akapita juu ya neno lililoandikwa kwa penseli.

Alhamisi, 12 Desemba

Mwita hakupelekwa mahakamani jana, na leo mchana ametoka. Duara la Akida limefungwa tangu asubuhi. Bwana wa madini kaingiza kidole kwenye timba moja, hakuhitaji la pili. Barua yangu ya uhamisho nayo imefika, inasema nihame ifikapo Februari. Nimeikunja. Februari ni mbali.

Walikuja zahanati wote, Mwita, Ghati na Donatus, ambaye hospitali wamemruhusu jana. Mwita amekonda. Donatus alimpa mkono, Mwita akauacha hewani. Nilisema moyoni ana haki. Donatus akaurudisha mkono wake, akakaa naye benchi moja, akauliza kitu kimoja tu:

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Alisema nini?"

Mwita alimgeukia.

"Alisema shukeni. Mara nyingi. Shukeni, shukeni. Mimi nimeshika kichwa chake kisizame, nimesimama hapo hapo alipofukiwa. Na sisi kule ukisema shuka, maana yake ingia shimoni. Nikajua anataka watu waongezeke. Nikawapigia kelele waliokuwa juu: Ignas anasema shukeni! Wakashuka wanne. Wakaja wakasimama nilipokuwa nimesimama mimi." Akanigeukia. "Mpaka leo Ghati aliponieleza ulivyowatoa watu juu ya kifua cha Donatus. Ndipo nikaelewa alikuwa anasema tushuke kutoka juu yake. Nesi, andika na hilo."

Melania aliziba mdomo.

"Nilimuua?" aliuliza Mwita.

"Hapana," nilisema, na nilisema kwa nguvu. "Ulimsikia, ukafanya alichosema kwa lugha uliyokuwa nayo. Aliyemuua ni aliyeambiwa mara tatu matimba yameoza. Hilo nimeshaliandika. Na hili nitaliandika, lakini si kama kosa lako."

Donatus alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yale mekundu yalikuwa yamejaa.

"Mimi nami nilitaka kusema shukeni," alisema. "Pumzi ikakataa."

Kisha Mwita ndiye aliyetoa mkono.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua. Tumekwenda duara lingine, si la Akida, bila kualikwa. Mwita kalala chini kwenye tope, viroba viwili kifuani, Donatus kasimama pembeni na macho yake, wachimbaji arobaini wamezunguka. Neno shukeni tumelipiga marufuku. Tumewafundisha kusema "tokeni juu yangu," na wakarudia, na wakarudia tena, mpaka likasikika hadi karasha. Mwenye duara alitoka ofisini kuuliza nani kaniruhusu. Nikamwambia na yeye alale chini, zamu yake imefika.